Kwenye bajeti ya vyura pombe ipo, glavu hazipo

Nyumba ninayopanga Tandale ina vyumba tisa na choo kimoja cha shimo. Masika yaliyopita shimo likajaa likaanza kutema, mama mwenye nyumba akatukusanya uani na daftari lake lile la michango ya vikoba, akatusomea hesabu: vyura wawili 80,000, mafuta ya taa 6,000, pombe 10,000. Jumla 96,000, akasema kila chumba kitoe 11,000 maana yeye hana chenji, hiyo buku tatu iliyozidi sijui iliishia wapi na sikuuliza. Hakuna aliyeuliza pia hiyo pombe ni ya nini. Jamaa wa chumba cha kona alibishia mafuta ya taa, kwamba lita moja inatosha, ila kwenye pombe wote tukapita kimya kama tumesomewa bei ya sukari. Tena mimi ndo nikatumwa dukani kuchukua hivyo vibapa viwili, zile chupa ndogo za pombe kali, nikavitia kwenye mfuko mweusi nikarudi navyo.

Kwa ambaye hajaishi uswahilini Dar, vyura ni wale jamaa wanaozama kwenye shimo la choo kulipunguza kwa mikono. Jina lenyewe limeshakwambia tunawaonaje. Lori la kunyonya majitaka lipo, tunaliona linapita kule kwenye lami, ila vichochoro vya kwetu hata bajaji inapita kwa kuomba Mungu, mpira wa lori haufiki, na hata ukifika unalipia safari ya kwenda kumwaga mpaka kwenye mabwawa ya Vingunguti, basi watu wanabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kutapisha, unasubiri mvua kubwa ya usiku unatoboa pembeni, choo kinajitapika mtaroni na jirani wa bondeni anaamka na mali zako mlangoni. Ya pili ndo hao vyura: wanachimba shimo jipya pembeni, wanavunja ukuta wa lile la zamani, kinachotiririka kinatiririka, kinachogoma, lile tope zito la chini lililochanganyika na matambara, pampasi na nyembe, mtu anashuka nalo na ndoo. Mafuta ya taa yanamwagwa juu kwanza kupunguza harufu. Na karibu siku zote ni usiku.

Wa kwetu walifika kama saa tano. Mmoja kijana hivi hakuwa na maneno, mwingine mtu mzima, mrefu, ndo mwenye kushuka. Nikampa mfuko. Akafungua kibapa kimoja akakimaliza kwa mafunda matatu bila kukunja uso, hakunywa kama mtu anayestarehe, alikunywa kama mtoto anayelazimishwa dawa ya minyoo, halafu ndo akavua shati akalikunja vizuri akaliweka juu ya tofali. Mimi kwa ushamba wangu nikamuuliza, kaka, hii kweli inakata harufu? Akacheka. "Harufu? Pua inazoea dakika kumi tu mdogo wangu. Hii ni ya hao," akaonyesha kwa kidevu upande wa madirisha, na nilivyogeuka nikaona mapazia yanacheza, watoto wanachungulia wanaziba pua na wanacheka, na mama mmoja ambaye mchana ni mstaarabu kabisa anamwambia mwanae ukikataa shule utakuwa kama yule.

Toka siku ile nimekuwa nikiwaza tofauti kuhusu pombe na hizi kazi. Maelezo tuliyozoea ni mawili. La kwanza, hawa ni walevi tu, mtu mwenye akili timamu hawezi kushuka shimoni, kwa hiyo walevi ndo wanaikubali kazi. La pili ni la huruma kidogo, kwamba kazi ni ngumu sana, inanuka, wanakunywa ili mwili uvumilie. Yote mawili yanatuweka sisi wenye choo pembeni. Jamaa alichoniambia kinaturudisha katikati, yaani anachokizima na ile pombe ni macho yetu.

Na kuhusu harufu alikuwa sahihi kuliko anavyojua. Pua inazoea harufu haraka sana, hilo kila aliyewahi kukaa karibu na soko la samaki Feri anaelewa. Shida ni kwamba shimoni kuna gesi ile ya mayai viza, na hiyo ikiwa kidogo unainusa vizuri tu, ila ikifika kama sehemu 100 kwenye milioni ya hewa inaua uwezo wa pua wenyewe, hunusi chochote unadhani imeisha, ikipanda zaidi ya hapo mara kadhaa mtu anadondoka palepale. Ndo maana unasikia fulani kaingia shimoni hakutoka, mwenzake kaingia kumuokoa na yeye hakutoka. Mtu aliyekunywa miguu mizito, akili inachelewa, kizunguzungu cha gesi anadhani ni cha kibapa. Hata ile ya "inanipa joto" maji yakiwa ya baridi usiku ni uongo wa mwili, pombe inasukuma damu ije kwenye ngozi, unahisi moto huku joto la ndani linakimbia. Kwa hesabu ya mwili tu, pombe ni kifaa kibovu kabisa cha kazi ile. Kinachofanya kidumu ni kwamba kuna kazi moja kinaifanya vizuri, na ni ile ya aibu.

Hapa nataka nitofautishe maana watu wanachanganya vilevi vyote kapu moja. Mlinzi wa usiku wa Nairobi anayetafuna miraa, au dereva wa lori la masafa, anapambana na usingizi. Zamu ya masaa kumi na mbili, mwili unataka kulala, yeye anatafuta kitu cha kumshikilia macho. Ukitaka aache mfupishie zamu, muweke mwenzake wapokezane, nusu ya tatizo imeisha. Ila yule mhudumu wa mochwari ambaye kila mtu ana utani wake kwamba lazima awe amevuta ndo aingie kazini, au chura, au mzoa taka anayepita na mkokoteni watu wakipandisha vioo vya gari, huyo usingizi sio shida yake. Ukimfupishia zamu umempa tu muda mrefu zaidi wa kukaa mtaani na jina lake. Dawa inafuata ugonjwa, na ugonjwa wa huyu wa pili uko kwetu tunaomtazama, ndo maana hatupendi kuuchunguza.

Halafu angalia nani ananunua. Kwenye stori za walevi tunapenda picha ya mtu anayechukua hela ya watoto akaipeleka kilabuni. Sawa, wapo. Lakini ile usiku pombe tulinunua sisi, iko kwenye daftari, imechangiwa na vyumba tisa wakiwemo walokole wawili na ustaadhi mmoja. Hii ya mwenye kazi kuleta chupa ni ya zamani sana. Wanamaji wa Uingereza walikuwa wanagawiwa ramu kila siku melini, utaratibu ulidumu mpaka 31 Julai 1970, juzi tu hapo. Potosí, Bolivia, wachimba madini waliotumikishwa na Wahispania walishinda na majani ya koka shavuni, Wahispania wenyewe wakavuna kodi kwenye hayo majani, na wachimbaji wa mlima ule mpaka leo wanashuka nayo. Ila mfano unaoniuma zaidi ni wa Afrika Kusini, mashamba ya zabibu ya Western Cape, ambako vibarua walikuwa wanapewa sehemu ya ujira kwa mvinyo wa hovyo, vikombe kadhaa kwa siku kuanzia asubuhi, wanauita dop. Ukapigwa marufuku miaka ya 1960, mashambani ukaendelea kimyakimya miaka mingi baada ya hapo, na eneo lile mpaka leo ni kati ya sehemu zinazoongoza duniani kwa watoto waliozaliwa wameshaharibiwa na pombe tumboni mwa mama. Wenye mashamba walikuwa wanasema nini? Kwamba wale watu wanapenda kulewa, ndo walivyo. Mvinyo ni wako, kikombe umeshika wewe, halafu anayependa ni yeye.

Sisemi mama mwenye nyumba wangu ni kaburu. Ni mama wa watu, akiugua mpangaji anapika uji. Nasema mpango ni uleule. 10,000 ya pombe ni rahisi kuliko glavu ndefu, buti, taa ya kichwani na mashine, na ina faida nyingine ya ziada, kesho yake unaweza kusema "ah wale walevi" na bei ikabaki palepale. Maana hilo ndo jibu nililopewa nilivyosema labda tuwaongezee: ukiwapa hela nyingi watanywa tu. Yaani tunawapa pombe wafanye kazi, halafu pombe inakuwa sababu ya kutowalipa, halafu malipo kidogo na dharau inakuwa sababu ya pombe. Ukiingia kwenye huo mzunguko hujui utokee wapi, na kila mtu aliyeko nje yake anaona ni tabia yako.

Serikali nayo ikiamka inaamkia chupa. Februari 2017 Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa alitangaza viroba mwisho, na kuanzia 1 Machi ile pombe ya pakiti za plastiki ikawa haramu, Uganda nao wakaja kufanya hivyo 2019. Sibezi, kiroba kilikuwa kinauzwa bei ya pipi, mwanafunzi anaficha kwenye soksi, bodaboda anakikata kwa meno akiwa na abiria, vile kilikuwa lazima kiondoke. Lakini mtu aliyekuwa anakitumia kushukia shimoni alihamia wapi? Alihamia kwenye kibapa, ambacho ni ghali zaidi, na akikosa hela ya kibapa kuna gongo kwa bibi fulani nyuma ya banda la kuku, na gongo ina kamari yake. Wakenya wanajua. Novemba 2000 Mukuru kwa Njenga Nairobi na mitaa ya jirani walikufa watu zaidi ya 100 kwa pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli, na wengine wakabaki vipofu, jina lenyewe lilitokana na bei, glasi shilingi kumi. Februari 2024 Kirinyaga ikajirudia, wakafa zaidi ya 10. Kila msiba wa hivi viongozi wanakuja na helikopta wanafunga mabaa, na swali la kwanini mtu alihitaji kitu cha shilingi kumi cha kumtoa kwenye siku yake linabaki hapohapo matangani.

Kuna kitu kingine huwa najiuliza, wanawake je? Maana kazi za kudharauliwa wamejaziwa wao, wafua nguo wa nyumba kwa nyumba, wagonga kokoto, madada wa kazi wanaoambiwa wale jikoni na sahani yao ina alama. Huwaoni na kibapa. Sio kwamba hawaumii, ni kwamba mwanamke akinuka pombe mara moja kazi imeisha na jina limeisha, mwanaume akinuka anaambiwa ana mawazo. Kulewa hadharani ni ruhusa, na ruhusa hiyo haigawiwi sawa. Wao hiyo aibu wanaitolea wapi sijui, wengine ugoro, wengine mkesha wa maombi Ijumaa mpaka asubuhi, wengine wanamtoa mtoto wa watu roho kwa fimbo. Hii ni mada yake, naiacha.

Sasa kuna watu watasema mbona wapo vyura wasiokunywa. Wapo kweli. Na wapo wanaokunywa hata wiki ambayo hawana kazi, ambao ile dawa ya aibu imeshageuka ugonjwa wa peke yake, mikono inatetemeka asubuhi mpaka apate kidogo. Huyo hata ukimpa cheo na suti kesho bado mwili unamdai. Kwenye heroini nchi hii ilishakubali kwamba ni ugonjwa, Muhimbili walianza kutoa methadoni 2011, teja anapanga foleni asubuhi anakunywa dozi yake anaenda zake, na nimeona kwa macho yangu wapiga debe waliorudi kuwa baba wa watu. Mtu wa gongo yeye anapelekwa kwa mjumbe. Au kwenye maombi. Au anaachwa hadi siku anadondokea mtaroni, ndo tunasema si tulimwambia.

Ila kuna kitu kilinionyesha kwamba kazi yenyewe sio lazima iwe hivi. Kuna vikundi vya vijana Dar hasa maeneo ya Temeke vilivyowahi kupewa pampu ya mkono inaitwa Gulper, ni bomba refu unalishusha shimoni unapampu juu ukiwa umesimama nchi kavu, uchafu unaingia kwenye mapipa yanabebwa na guta la injini. Niliwahi kuwakuta nyumba ya shangazi yangu. Saa nne asubuhi, jua linawaka, wana ovaroli, buti, wamevaa barakoa, mmoja kashika risiti. Mavi ni yaleyale. Harufu ileile, kama haijazidi maana mchana joto linaichemsha. Lakini shangazi, ambaye ni mtu wa maneno makali, alikuwa anawaita mafundi. "Mafundi, mtakunywa chai?" Na wakanywa chai, kwenye vikombe. Sikuona chupa. Sisemi hawanywi wakirudi kwao, hilo sijui, ila pale kazini haikuwepo, na hakuna mtu aliyeihitaji, na mimi nimekaa nikiangalia vile vikombe nikamkumbuka yule mzee wa usiku kwetu aliyeomba maji ya kunywa akaletewa kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, ili ikitoka hapo itupwe.

Tofauti ya bei haikuwa kubwa kama nilivyodhani. Tofauti kubwa ilikuwa mchana na usiku. Kazi ikifanywa usiku kwa kificho maana yake wote tumekubaliana ni ya aibu, na nusu ya kificho chenyewe ni kwa sababu tunajua kufukia kinyesi uani jirani na kisima ni kosa, tukikamatwa faini, basi aibu yetu tunamvisha yeye. Sheria ya usalama mahali pa kazi ipo toka 2003, OSHA wanaoisimamia wapo, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi upo unafanya kazi toka 2015, ila vyote vinauliza swali moja, mwajiri nani? Na mwajiri wa chura ni wapangaji tisa na mama mmoja mwenye daftari. Akikatwa na wembe kule chini, akapata pepopunda, akafa, anayetakiwa kulipa ni nani, jamaa wa chumba cha kona aliyebishia lita ya mafuta ya taa?

Mwaka huu shimo limejaa tena, tumekaa kikao uani wiki iliyopita. Vikundi vya pampu nilivipigia, foleni ni ndefu na kwetu kuna kona guta halikati. Basi ni vyura tena. Nikapendekeza ile 10,000 ya pombe iende kwenye glavu na buti. Mama mwenye nyumba akasema, mwanangu hiyo pombe wanaidai wenyewe, bila hiyo hawaji. Nikampigia yule mrefu hapohapo nikaweka laudi spika, nikamwambia kaka safari hii tunataka kukuletea vifaa badala ya ile kitu.

Akakaa kimya kidogo. Akasema glavu leta, ziwe ndefu. Buti usilete, kule chini tope linalivuta linabaki, unatoka na mguu mmoja. Ile kitu nayo nipe hela yake, nitajua mwenyewe kama nanunua au sinunui. "Halafu mdogo wangu, mwaka jana nilioga mtaroni. Muombe mama aniwekee ndoo mbili za maji safi na sabuni, nioge humohumo uani kabla sijatoka, nipande gari kama mtu."

Wote uani tulisikia. Mama mwenye nyumba akafungua daftari, akaandika glavu, akaandika sabuni ya kipande. Kwenye ndoo akasita, akainua kichwa akatazama zile zake zilizopangwa pale karibu na bomba, ya bluu, ya kijani na ile nyeupe iliyokatika mpini. Akaandika, ndoo nyeupe.